Paji Kavu la Mzee Koki

Baba mkubwa wangu alikuwa fundi bomba aliyeogopa maji. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana huko mbele nafasi ya kucheka ni finyu. Maji ya bombani hakuyaogopa hata kidogo. Hayo aliyafunga na kuyafungua apendavyo, akayapandisha ghorofani na kuyateremsha uani. Aliyoyaogopa ni maji yaliyokaa pamoja yakanyamaza: tangi, kisima, hata beseni la kufulia likiwa la kina. Alioga kwa kopo maisha yake yote, na uso aliupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Chanzo chake kilijulikana na ukoo mzima. Akiwa na miaka saba alitumbukia kwenye tangi la shule. Mpaka mwalimu amkose darasani na watu waanze kumtafuta, alikuwa ameng'ang'ania bomba la kutolea maji kwa muda mrefu kiasi kwamba vidole vilibidi vibanduliwe kimoja kimoja. Pua tu ndiyo iliyokuwa nje. Tangu siku ile akayapenda mabomba na kuyachukia maji, na alipokua akajifunza ufundi. Mtaani walimwita Koki, kwa sababu kila mfuko wa suruali yake ulikuwa na koki au kipande cha koki. Mvi zilipoanza wakaongeza Mzee.

Sasa mtu wa namna hii, dunia ilivyo na utani wake, akaokoka kwa Wabaptisti. Kuna Wakristo wanaonyunyiziwa matone matatu kichwani wakarudi nyumbani na nguo kavu. Kwetu sivyo. Kwetu mtu huzamishwa mzima mzima, utosi hadi unyayo, kama anayezikwa, kisha anainuliwa. Kikibaki nje kidole, watu wazima huguna. Mtoto mchanga hatumbatizi, na asiyezama tunasema bado hajabatizwa.

Kanisa letu ni dogo, la matofali, na birika la ubatizo liko chini ya jukwaa la mhubiri. Ukiondoa mbao sita unaliona: ngazi nne za saruji upande huu, ngazi nne upande ule, na katikati kina cha kumfika mtu mzima kifuani. Mzee Koki ndiye aliyeweka mabomba yake, na kila ubatizo ulipokaribia ndiye aliyelijaza. Alifungua maji akakaa mlangoni, akiwa ameligeuzia birika mgongo, akisikiliza kwa masikio tu limefika wapi.

Mchungaji mwanzilishi alipofariki, miaka ishirini na sita iliyopita, tulikuwa maskini wa watu na wa kila kitu, na hakupatikana mwingine. Kanisa likapiga kura kwamba shemasi ndiye abatize, na shemasi alikuwa Koki. Alikubali kwa sababu hakuwahi kuweza kumkatalia mtu mbele za watu, na hiyo nadhani ndiyo kasoro kubwa aliyokuwa nayo. Miaka kumi na minne alishuka zile ngazi. Watu walioona midomo yake ikitetemeka walisema Roho amemshukia, na mimi nikiwa mtoto niliamini hivyo. Alizamisha watu sitini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyemponyoka. Wa kwanza alikuwa mke wake, mama mkubwa wangu. Wa tano alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili, mwana wa jirani, ambaye baadaye tulimpeleka chuo cha Biblia, akarudi, na sasa ndiye mchungaji wetu.

Mchungaji huyu nampenda, lakini nitasema kweli: alirudi na vitabu vingi kuliko rafu. Mwaka huu kanisa lilipotimiza miaka hamsini akaanza mahubiri mapya, wiki tisa mfululizo. Alisema Wabaptisti hawakuanza na mtu yeyote wa miaka ya karibuni. Yesu aliahidi kanisa lake halitashindwa, kwa hiyo lazima limekuwepo kila siku tangu mto Yordani hadi leo, chini ya majina mbalimbali, likifukuzwa, likijificha mapangoni, likichomwa moto. Na kila aliyebatizwa kwa haki alibatizwa na aliyebatizwa kwa haki, mkono kwa mkono, pete kwa pete, kama mnyororo. Pete moja ikikatika, alisema, kila kilicho chini yake kinaanguka.

Watu walipenda. Na nani asiyependa kuambiwa ana ukoo mrefu? Mimi nilikaa benchi la tatu nikamwona baba mkubwa, mbele yangu, akijifuta shingo kwa leso mara nne. Nikadhani ni joto.

Nina duka la steshenari na mashine ya kuchapa mabango. Mchungaji akaniletea kazi ya jubilei: bango la mita saba, mnyororo kutoka Yordani hadi kwetu. Kila pete ina jina la kundi na karne yake. Wadonati, Wapaulisi, Wawaldo, Waanabaptisti, na wengine ambao ulimi wangu uliwakataa. Mwishoni kabisa pete tatu kubwa zaidi: mchungaji mwanzilishi, Mzee Koki, mchungaji wa sasa. Siku lilipotoka mashineni, koki ya uani kwangu ilikuwa inavuja, nikamwita baba mkubwa. Akapita dukani na spana mkononi, akaliona bango mezani, akalifuata kwa kidole pete kwa pete hadi alipofika kwenye jina lake. Kijasho chembamba kikamtoka. Akakaa juu ya boksi la karatasi, na boksi likabonyea.

"Mwanangu," akasema, "hiyo pete ni mbovu."

Aliniambia yote pale pale, spana ikiwa magotini. Siku ya ubatizo wake, miaka arobaini na moja iliyopita, mchungaji mwanzilishi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Akamlaza nyuma kama inavyotakiwa. Maji yalipogusa masikio, shingo ya Koki ikakakamaa yenyewe kama ya jogoo anayeshikwa. Masikio yalizama, kisogo kilizama. Macho, pua, mdomo na paji la uso vilibaki juu. Mzee wa watu hakuona. Akatamka maneno, akamwinua, kwaya ikaanza. Koki, kijana wa miaka kumi na tisa, akiona watu mia wanamtazama na paji lake kavu, akachota maji kwa viganja akajipaka usoni.

"Nilijipaka mwenyewe," alisema, "ili nionekane nimelowa. Halafu nikanyamaza. Halafu wakanifanya shemasi."

Nikamwambia anachojua kila Mbaptisti tangu somo la kwanza, kwamba maji hayaokoi, ni ishara tu. Akasema analijua, amelifundisha yeye mwenyewe. Lakini mchungaji amesema mnyororo ukikatika kanisa si kanisa, na yeye ni fundi. Bomba likikatika katikati, chini ya pale hakuna tone, hata uweke koki ya dhahabu. Watu sitini na wanane. Na waliobatizwa na mmoja wa hao. Nikaanza kuhesabu nami, nikajikuta nimo: mimi nilibatizwa na mchungaji, mchungaji alibatizwa na yeye.

Kilichomtesa zaidi ya yote kilikuwa Jumanne. Mama mkubwa alikuwa na rovu shingoni, lililokua polepole miaka mingi, na sasa lilikuwa linabana njia ya hewa. Alipolala lilimkoromesha kama mlango mbovu. Daktari alisema litolewe Jumanne ile inayokuja, na hakuficha: ni kubwa, liko karibu na mishipa, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa si msichana. Nyumba nzima ilikaa roho juu isipokuwa yeye. Yeye aliimba. Aliwaambia majirani, "Mimi nilishazikwa nikafufuka, daktari atanitisha na nini?" na akawaonyesha cheti chake cha ubatizo, alichokiweka ndani ya Biblia, chenye sahihi ya mumewe. Alisema ataingia nacho hospitali.

"Anaingia mle na karatasi yangu," alisema baba mkubwa. "Karatasi ya mtu ambaye hakuzama."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa nilikuwa mimi. Nilimwambia dawa ni rahisi, abatizwe upya, kisha yeye ambatize mkewe upya, yaishe kabla ya Jumanne. Akanitazama kama nimemletea koki ya mbao. Nani ambatize? Mchungaji? Huyo naye ananing'inia kwenye pete yake mbovu. Mashemasi wote wananing'inia kwake au kwa mchungaji. Makanisa mawili ya jirani tuliyazaa sisi, wachungaji wao ni wetu. Waliobatizwa na mchungaji mwanzilishi na wangali hai ni bibi watatu, ambao kwa desturi yetu hawabatizi, na mzee mmoja aliyepooza asiyejua leo ni lini. Makanisa mengine, kwa mahubiri ya wiki tisa, hayamo mnyororoni kabisa. Alikuwa ameyapigia hesabu haya yote, kwa majina, juma zima. Hapakuwa na mkono wa kumtengeneza ambao haukutoka kwake.

Kinyozi hajinyoi, nilimwambia, nikijaribu utani. Hakucheka. Akaenda akatengeneza koki yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliiacha ikidondoka.

Jumamosi saa tisa alasiri nilipeleka bango kanisani litundikwe kwa ajili ya kesho. Kesho yake kulikuwa na ubatizo wa watu sita pia. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Mbao za jukwaa zilikuwa zimeondolewa na kupangwa ukutani, na ndani ya birika, maji yakimfika kifuani, alikuwa amesimama baba mkubwa na ovaroli lake la kazi. Mkono mmoja ulikuwa umeshika bomba la kujazia. Vidole vilikuwa vyeupe.

"Nimeingia saa saba," aliniambia. Meno yalikuwa yanagongana. "Nilitaka nijizamishe mwenyewe. Kichwa kinakataa."

Nikamwambia atoke. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwamba akitoka leo hatarudi tena. Nikaona anavyojaribu: alivuta pumzi, akafumba macho, akainama mpaka kidevu kikagusa maji, kisha mwili wote ukaruka nyuma kama uliopigwa shoti. Mara tatu. Nimeona watu wakiogopa, lakini sijawahi kuona mtu anayeogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, kila kimoja kikimsukuma kwa mwenzake. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mchungaji akaingia kwa mlango wa nyuma kuja kupima maji. Alidhani mzee ametumbukia, akakimbia. Baba mkubwa akamwinulia mkono amzuie, akamwambia pale pale alipo, maneno machache tu, bila kujitetea.

Nilitegemea ghadhabu. Mchungaji aliketi kwenye ngazi ya birika, na viatu vyake vya ngozi vikaingia majini asiwe na habari. Akauliza yeye alibatizwa mwaka gani. Akatajiwa. Akahesabu kwa vidole watu aliowabatiza yeye, akaacha katikati. Uso wake ukawa wa yule mvulana wa miaka kumi na miwili.

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nikamuuliza, huo mnyororo wenyewe, hizo pete nyingine zote nilizozichapa, ana hakika nazo?

Akaona sasa viatu vyake vimelowa. Kisha akasema hana. Akasema baadhi ya makundi yale yalibatiza watoto wachanga, na leo tusingewapokea hata kwa chai. Mengine tunayajua kwa maneno ya maadui zao tu. Yangekutana chumba kimoja, mengi yangefukuzana. Kwamba watu wengi, zamani na sasa, wameamini tunayoyaamini, hilo hana shaka nalo. Lakini mkono kwa mkono?

"Katikati kuna karne ambazo sijui nani alimshika nani," alisema. "Nilichora pete pale ili nisione shimo."

Akaendelea, akiongea na maji kuliko na sisi. Chuoni alisoma habari za mtu mmoja wa wale wa mwanzo walioitwa Wabaptisti, miaka mia nne iliyopita, huko ng'ambo. Mtu yule na wenzake waliingiwa na hofu kwamba duniani hakuna aliyebaki na ubatizo wa kweli wa kuwapa. Basi akajibatiza mwenyewe kwanza, kisha akawabatiza wenzake. Wala hakuzama, alijimwagia maji. Na baadaye akaingiwa na shaka kama alifanya sawa. Mchungaji alisema alisoma ukurasa ule akafunga kitabu, na hakuufungua tena, kwa sababu uliogofya.

"Alijipaka mwenyewe?" aliuliza baba mkubwa.

"Alijimwagia mwenyewe, mzee."

Baba mkubwa akautazama mkono wake uliokuwa huru, kiganja juu, muda mrefu.

Mchungaji akasihi tunyamaze mpaka Jumanne ipite. Alikuwa anaogopa, na nilimwelewa. Mgonjwa huingizwa chumba cha upasuaji na amani yake, haingizwi na mabishano ya mnyororo. Baba mkubwa akasema hapana. Amenyamaza miaka arobaini na moja kwa sababu ya macho ya watu, na hawezi kumwacha mke wake apite mlango ule akiwa ameshikilia karatasi ambayo yeye peke yake anajua ilivyo. Tukamtoa. Nilishuka mwenyewe mpaka magotini nikambandua vidole kwenye bomba, kimoja kimoja.

Mama mkubwa alikuwa chumbani anapanga mfuko wa hospitali: sabuni, ndala, nguo mbili za kubadili, taulo. Biblia ilikuwa juu ya mto. Alimwona mumewe amelowa mpaka kifuani, akanitazama mimi. Aliketi, na rovu lake likapanda na kushuka. Baba mkubwa alimwambia akiwa amesimama, maji yakimdondoka kwenye sakafu ya saruji. Alisema yote, hata la kujipaka. Alisema anaogopa kwamba hakumpa kitu.

Nilidhani atacheka. Wote tulimzoea hivyo, mtu wa kucheka. Akaweka ndala chini.

"Unaniambia leo," alisema. "Leo, ili nani apone? Mimi au wewe?"

Mama mkubwa akasema juma zima hajalala. Anaimba ili asisikie koo lake linavyokoroma. Anaogopa kisu, anaogopa kuamka bila sauti, anaogopa kutoamka. Ile karatasi alikuwa akiishika mchana watu wakiwapo na usiku watu wakiwa hawapo. "Na sasa umekuja kuichukua," alisema. Sauti ilikatika, na baba mkubwa akakunjamana pale ukutani. Ningeweza kumpiga, baba mkubwa wangu mwenyewe. Ningeweza kumpiga na mchungaji, na bango lake.

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza kitu na hakuna aliyemsikiliza. Kisha mama mkubwa akajifuta uso akauliza swali kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za bomba la jirani.

"Wewe ni fundi. Bomba likikatika katikati, utajuaje?"

"Koki ya chini haitoi maji," alisema.

"Mimi nimefunguliwa koki miaka ishirini na sita. Nimezika watoto wawili nikaweza kuomba. Nimekaa na wewe nikaweza kusamehe, na wewe si mtu mwepesi. Hayo maji yametoka wapi?"

Baba mkubwa alikuwa fundi kweli, na fundi hawezi kubisha maji yanayotoka.

"Sijui," alisema.

"Hata mimi sijui. Ila mimi nilizama. Wewe ulinishika na hukuniachia. Nilikuwa nahisi mikono yako inatetemeka, nikajiambia huyu anaogopa kuliko mimi na bado hajaniachia." Akachukua cheti ndani ya Biblia, akakitazama, akakirudisha. "Hiki ni changu, usikiguse. Lako la kutozama ni lako. Nikitoka Jumanne nitakushika kichwa mimi mwenyewe. Hiyo shingo naijua."

"Na usipotoka?" aliuliza, neno ambalo nyumba nzima ilikuwa inalikwepa.

Mama mkubwa alimtazama, na hofu yote ilikuwa usoni pake, haijajificha tena. "Basi omba nitoke," alisema. "Hakuna mwingine atakayekuweza."

Jumapili hakukuwa na ubatizo wala bango. Wale sita waliambiwa wasubiri. Mchungaji alipanda jukwaani akasema wiki tisa alihubiri kwa uhakika jambo asilokuwa na uhakika nalo, na akaeleza kwa nini. Kisha baba mkubwa, yule asiyeweza kumkatalia mtu mbele za watu, akasimama mbele za watu akasema la kwake. Dada mmoja aliyebatizwa naye akauliza, "Na mimi je?" Familia mbili zilihama. Mzee mmoja hamsalimii baba mkubwa mpaka leo. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hakuna anayekuambia kuufunua ni baridi kiasi gani.

Jumanne saa mbili asubuhi muuguzi alisema vitu vyote vibaki nje, hata Biblia. Mama mkubwa akatoa cheti akampa mumewe. Kitanda kikasukumwa, mlango wa kubembea ukafunga, ukafunguka kidogo, ukafunga.

Tulikaa kwenye benchi la mbao. Saa nne. Saa sita. Baba mkubwa alishika karatasi ile kwa mikono miwili na kila mlango uliposogea alisimama. Kila aliyetoka na nguo za kijani nilimsoma uso kabla hajafika. Saa saba muuguzi alitoka mbio akaingia chumba cha pili akarudi na mifuko miwili ya damu, hakututazama. Baba mkubwa alisema kwa sauti ndogo kwamba hili ndilo tangi, na sasa hakuna bomba la kushika. Nikampa mkono wangu. Alama za vidole vyake zilikaa siku mbili.

Saa nane na nusu daktari akatoka, akavua kofia. Alisema limetoka lote, damu ilitaka kuwasumbua lakini wameiweza, na sauti itachelewa, huenda isirudi kama zamani. Baba mkubwa akasema ahsante mara nyingi mno. Alipofungua mikono, wino wa sahihi yake kwenye cheti ulikuwa umeyeyuka kwa jasho, hausomeki. Jina la mkewe lilikuwa limepona. Mkewe alipozinduka, alimpa cheti akimwomba radhi, na yeye akakitazama, akakikunja akakiweka chini ya mto.

Ilichukua wiki saba kidonda kupona. Sauti ilirudi nusu, nyembamba, ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Aliitumia, jambo la kwanza, kumuuliza mumewe kama birika lina maji.

Jumapili iliyofuata niliwekwa nishike taulo, juu ya ngazi. Bango la mita saba liko dukani kwangu mpaka leo, nalifunikia mashine vumbi lisiingie. Wale sita walikuwa benchi la mbele, wakisubiri zamu. Mchungaji alishuka upande mmoja. Upande wa pili, kinyume cha desturi yetu yote, alishuka mama mkubwa, kovu jekundu shingoni, na wazee walioguna waliguna. Katikati baba mkubwa alishuka ngazi nne kwa muda ambao ungetosha kujaza birika upya. Mchungaji akatamka maneno. Mama mkubwa akaweka kiganja nyuma ya shingo ya mumewe, na kingine juu ya paji.

Niliona shingo inakakamaa. Nikaona kiganja kinasubiri. Kisha masikio yakazama, na mdomo, na pua, na macho yaliyokuwa wazi kabisa, na lile paji. Maji yakafunga juu yake. Kanisa zima lilishika pumzi naye.

Alipoinuliwa alikohoa, akashika bega la mkewe kwa mikono yote miwili, maji yakimmwagika kutoka nywele hadi kidevu. Kwaya ilikuwa inangoja aseme neno la ushuhuda ili ianze.

"Bado naogopa," alisema.

"Najua," alisema mama mkubwa. "Nimekushika."

Sauti yake haikufika hata benchi la kwanza. Mimi nilisikia kwa sababu ndimi niliyekuwa na taulo.